Tundu Katika Mlango wa Nyumba

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari za mirathi. Tunawataka radhi wasomaji wetu, maana imetufikia barua kutoka Tosamaganga ambayo haifai kungojeshwa.

Mwenye barua ni kijana. Jina lake tunalo, lakini hatutalichapa. Asema kuwa wazee wake wana duka la vifaa vya ujenzi mjini Iringa, na nyumba yao iko Tosamaganga, mwendo wa kilomita kama 15 kutoka mjini, pale penye misheni ya Kikatoliki ya tangu zama za Wadachi, pamoja na hospitali na shule zinazojulikana nchi nzima. Baba hushinda dukani, na mara kwa mara husafiri kwenda Dar es Salaam kununua mali. Mwaka jana wezi waliivunja stoo ya duka. Baba akamwita fundi, akaweka kamera mbili dukani, moja uani kwa nyumba, na ya nne katika ukumbi wa nyumba, mahali wanapokaa mama na mabinti. Kisha fundi akafungua njia katika ruta, ili baba aweze kuzitazama kamera zote kwa simu yake popote alipo, na kulisoma daftari la madeni lililomo katika kompyuta ya duka. Akapokea ujira wake akaenda zake.

Usiku mmoja mama alikuwa amekaa juu ya msala baada ya kuswali isha, akaiona kamera ya ukumbini inageuza shingo peke yake. Ikamwelekea, ikatua. Baba alikuwa amelala chumbani, na simu yake imezimwa.

Kijana asema kuwa tangu usiku huo mama haukai ukumbi ule ila amejifunika kama aliye njiani. Naye amesikia kwa wenzake kuwa dawa ya jambo hili ni handaki la VPN baina ya ruta ya nyumba na ruta ya duka, ataka kujua hutengenezwaje. Lakini alipomweleza babake, mzee alimjibu kuwa mtu asiye na baya hana la kuficha, na kuwa fedha haziokotwi. Kijana hakuthubutu kujibizana na mzazi wake, na katika hilo amefanya adabu. Ametuachia sisi tujibu.

Tutaanza na neno la mzee wetu, kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba, na bila ya ridhaa yake hapana handaki litakalochimbwa. Tena neno lenyewe husemwa na watu wengi walio wema.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim, kwa Sahl bin Saad r.a., kwamba mtu mmoja alichungulia kwa tundu katika chumba cha Mtume s.a.w., na Mtume alikuwa na kitu mfano wa chanuo akijikunia kichwa chake. Alipomtambua alimwambia, kwa maana yake, kuwa lau angalijua kwamba anachungulia angalimchoma nacho jicho, na ya kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya macho. Basi na tuulizane: katika chumba kile mlikuwa na baya gani la kufichwa? Hasha! Hapakuwa na nyumba safi kuliko ile katika mgongo wa ardhi. Mwenyewe alikuwa akijikuna kichwa tu, jambo afanyalo kila mwana wa Adamu. Hata hivyo mchunguliaji alikemewa kwa makemeo makali. Twajua kwa hadithi hii kuwa stara ni haki ya nyumba kwa kuwa ni nyumba, na mwenye nyumba hatakiwi kwanza athibitishe kuwa ana la kuficha.

Na katika Suratun Nur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ameamrisha kuwa hata watumishi wa nyumbani na watoto wasiobaleghe waombe idhini kabla ya kuwaingilia wakubwa nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Hao ni watu wa nyumbani, tena wadogo. Kamera iliyo ukumbini haina nyakati tatu, wala haibishi hodi, na yule aliye nyuma yake si mtoto wa nyumba. Yaweza kuwa mtu aliye bara nyingine, asiyejua Tosamaganga iko upande gani wa dunia.

Hayo ni ya nyumba. Liko na la duka, nalo twadhani mzee wetu atalipima kwa mizani ya mfanyabiashara. Daftari la madeni si mali yake peke yake. Ndani yake mna majina ya watu: fulani alichukua mabati akalipa nusu, fulani wa pili ameshindwa tangu mavuno. Tumeamrishwa kuandika madeni katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, lakini hatukuamrishwa kuyabandika sokoni. Katika mji kama Iringa, ambamo watu wajuana kwa koo na kwa vijiji, daftari hilo likitoka nje aibu itawapata watu walioamini kuwa siri zao ziko mikononi mwa mwenye duka.

Baada ya hayo natutazame alichokifanya yule fundi, maana hatuna haja ya kumlaumu bila ya kufahamu. Ruta ni bawabu wa nyumba. Upande mmoja wake kuna njia kuu ya intaneti, na upande wa pili kuna simu, kompyuta na kamera za watu wa nyumbani. Bawabu huyu ana vilango vyenye namba, kuanzia 1 hata 65,535, na desturi yake ni kuvifunga vyote kwa wageni wasioitwa. Fundi alifungua kilango kimoja akamwambia bawabu: yeyote atakayebisha hapa, mpeleke moja kwa moja kwenye kamera. Alifanya hivyo ili baba aweze kuingia. Lakini kilango hakimjui baba. Kinachobaki baina ya mgeni na ukumbi wa mama ni neno la siri la kamera, na kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa na neno moja linalojulikana duniani kote, nalo halikubadilishwa.

Labda mtu atasema: nani atakayeihangaikia nyumba moja ya mlimani Iringa? Jawabu ni kuwa hapana anayeihangaikia, mashine ndizo zitafutazo. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, ambazo ndizo nyingi tunazozitumia, jumla yake ni kama bilioni 4.3. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu iitwayo ZMap inayoweza kubisha katika anwani zote hizo kwa muda usiofika saa moja. Mwaka uliofuata, 2014, ukajulikana ukurasa uitwao Insecam uliokuwa ukionyesha picha za moja kwa moja za kamera zaidi ya 70,000 za nchi nyingi, madukani na vyumbani mwa watoto, nyingi katika hizo kwa sababu tu wenyewe hawakubadili neno la siri la kiwandani. Na mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliziteka kamera na ruta za namna hiyo kwa malaki, ikazitumia kuangusha mitandao mikubwa. Tundu halina udogo mbele ya mashine isiyochoka.

Sasa handaki. Tuseme mtu aliyeko Tosamaganga anataka kumpelekea barua nduguye aliyeko dukani Iringa, na njia imejaa watu wasomao barua za wenzao. Ataiandika barua, kisha ataifumba kwa fumbo ambalo nduguye peke yake aweza kulifumbua, ataitia katika bahasha ya pili, na juu ya bahasha hiyo hataandika ila anwani ya duka. Wa njiani wataona kuwa bahasha imetoka nyumbani inakwenda dukani, na wataona ukubwa wake na saa iliyopita. Kilichomo ndani hawakijui, na wakijaribu kubadili hata herufi moja, mpokeaji atafahamu na ataitupa. Hiyo ndiyo VPN, wala haina uchawi. Ruta mbili zikiwasiliana hivi, vyombo vya nyumba na vya duka huonana kama viko chini ya paa moja, na hapana kilango cha kamera kinachobaki wazi kwa wapita njia.

Elimu hii ya mafumbo si ngeni kwa Waislamu, na vijana wetu yawapasa walijue hilo. Katika karne ya 9 ya Miladi, huko Baghdad, mwanafalsafa al-Kindi aliandika risala juu ya kufumbua maandishi yaliyofumbwa, nayo ndiyo ya zamani kabisa inayojulikana katika kueleza njia ya kuhesabu herufi. Kila lugha ina herufi zinazokuja mara nyingi kuliko nyingine; katika Kiswahili chetu ni herufi a. Basi mtu akibadilisha kila herufi kwa alama yake, hesabu tu alama iliyozidi kwa wingi, umekwisha kuipata a, na nyingine zitafuata. Tangu siku hiyo mafumbo mepesi yalikwisha heshima yake. Mafumbo ya leo hayahesabiki hivyo. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, wa Marekani, walichapisha njia ya ajabu: kila upande huwa na ufunguo wake wa siri na ufunguo wake wa wazi. Hupeana zile za wazi mbele ya watu wote. Kisha kila mmoja huchanganya ufunguo wake wa siri na ule wa wazi wa mwenziwe, na kwa hesabu pande zote mbili hupata siri moja, hali msikilizaji wa njiani haipati.

Lakini hapa lipo jambo ambalo kijana wetu hakuliuliza, na kwetu sisi ndilo kubwa kuliko yote. Asema mwishoni mwa barua yake kuwa kwa sasa amemtilia mama programu ya VPN ya bure katika simu, ili atulizane moyo. Mwanangu, umemhamisha mama kutoka jicho moja hadi jingine! Kwanza, programu ile haiigusi kamera wala haizibi tundu la ruta. Pili, handaki lina ncha mbili. Ncha ya kwanza iko katika simu ya mama. Ya pili iko wapi, na kwa nani? Handaki halimwondoi mtu wa kuaminiwa, bali hubadilisha ni nani. Aliyekuwa akiiona njia yako ni kampuni ya simu. Sasa ni yule mwenye ncha ya pili. Kampuni ya Facebook ilinunua mwaka 2013 programu ya VPN iitwayo Onavo, ikawa inatazama kwayo watu hutumia programu gani nyingine katika simu zao, hata ilipofungwa mwaka 2019. Na mwaka 2015 ilibainika kuwa Hola, iliyotumiwa bure na mamilioni ya watu, ilikuwa ikiuza njia za intaneti za watumiaji wake kwa wengine, hata mtu aweza kupita kwa mgongo wako afanye alitakalo. Hatusemi kuwa kila programu ya kununuliwa au ya bure ni khiana. Twasema kuwa amana huulizwa ni ya nani na iko kwa nani. Handaki la nyumba na duka lina ncha mbili zote katika mikono ya jamaa mmoja, ndiyo maana twalipenda.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Fundi mwaminifu aweza kuimaliza kwa alasiri moja, na kijana aliyesoma aweza kuifanya mwenyewe akiwa na subira. Kamera ya ukumbini itolewe kwanza, hata kabla ya kushika ruta. Hiyo si kazi ya handaki, ni kazi ya bisibisi.

Kisha futeni katika ruta ile njia aliyoifungua fundi, na mzime lile jambo liitwalo UPnP, ambalo huviruhusu vyombo vya ndani vijifungulie vilango bila ya kuuliza. Badilisheni maneno ya siri ya ruta zote mbili na ya kila kamera, na mzitie ruta programu mpya ya kiwanda chake. Msidharau hili. Mwezi wa Mei 2018 iligunduliwa programu mbaya iliyoitwa VPNFilter iliyokuwa imeingia katika ruta zisizopungua nusu milioni katika nchi 54, na nyingi zilikuwa ruta za majumbani na za maduka madogo kama haya. Handaki lililochimbwa kutoka ruta iliyotekwa ni njia ya mwizi iliyopakwa chokaa.

Kwa handaki twapendelea namna iitwayo WireGuard, iliyotungwa na Jason Donenfeld na kutiwa katika Linux mwezi wa Machi 2020; ruta za MikroTik, ambazo zimeenea sana kwetu, huwa nayo kuanzia toleo la 7 la programu yake. Iko namna ya zamani iitwayo PPTP, bado mafundi wengine huitumia kwa wepesi wake. Iacheni. Fumbo lake la kuthibitisha mtumiaji lilionyeshwa mwaka 2012 kuwa laweza kuvunjwa kwa siku moja. OpenVPN na IPsec ni njema zikitengenezwa sawasawa, ila zina mambo mengi ya kukoseshea.

Hapana budi upande mmoja uwe na anwani ya wazi. Kijana atuambia kuwa duka lina waya wa faiba na nyumba yatumia ruta ya laini ya simu. Basi fungua ukurasa wa ruta uitazame anwani iliyopewa na kampuni. Ikianza na 10, au 192.168, au ikiwa baina ya 100.64 na 100.127, hiyo si anwani ya wazi. Kampuni imewakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mtu wa nje hawezi kukubishia. Laini za simu huwa hivyo mara nyingi. Kwa hiyo duka ndilo lingoje na nyumba ndiyo ibishe, na baba aiombe kampuni ya faiba anwani ya wazi isiyobadilika. Yaweza kuwa na ada ya mwezi, na gharama yenyewe ya kweli katika kazi hii ndiyo hiyo.

Jambo la pili lililowatatiza wengi: ruta za kampuni moja hutoka kiwandani na anwani za ndani zilizo sawa. MikroTik, kwa mfano, hutumia 192.168.88. Ikiwa nyumba na duka vyote vina namba hiyo, barua haitajua iende wapi, kama mitaa miwili ya mji mmoja iliyopewa jina moja. Lipeni duka 192.168.10.0/24 na nyumba 192.168.20.0/24. Handaki lenyewe lipeni anwani zake, tuseme 10.20.30.1 kwa duka na 10.20.30.2 kwa nyumba.

Kila ruta na ijitengenezee funguo zake yenyewe. Ufunguo huwa na herufi 44 na huishia kwa alama ya sawasawa. Ule wa wazi nakili uupeleke upande wa pili kwa njia yoyote, hata kwa karatasi. Ule wa siri usitoke katika ruta, usipigwe picha, usitumwe kwa WhatsApp. Na fundi akitaka kutengeneza funguo zote katika kompyuta yake ili arahisishe kazi, mkatazeni kwa upole, maana atakwenda zake na funguo za nyumba mfukoni.

Katika ruta ya duka fungua kilango kimoja tu, cha UDP namba 51820, na uiweke ruhusa hiyo juu ya ile kanuni inayowafukuza wageni wote. Ikiwekwa chini yake haitasomwa kamwe, na wengi wamekesha kwa kosa hili. Kilango hiki si kama kile cha fundi. Mgeni asiye na ufunguo akibisha, WireGuard haimjibu hata kwa kumkataa. Hunyamaza kama nyumba isiyo na mtu. Kisha andika duka limruhusu mwenye ufunguo wa nyumba kwa anwani 10.20.30.2/32 na 192.168.20.0/24 tu, na nyumba imruhusu mwenye ufunguo wa duka kwa 10.20.30.1/32 na 192.168.10.0/24 tu. Ruta za MikroTik haziongezi njia zenyewe, kwa hiyo sharti uandike na njia ya kwenda upande wa pili kwa kila ruta. Nyumba iambiwe pia ipeleke ishara kila sekunde 25, ili kampuni ya simu isiisahau njia. Bando haliliwi na jambo hili: ishara hizo pamoja na kubadilishana siri mpya kila baada ya kama dakika mbili, kwa hesabu yetu hazifiki megabaiti 20 kwa mwezi. Kinachokula bando ni picha. Kamera moja ikipeleka megabiti 1 kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 450. Basi zitazamwe kwa haja, si kwa mchezo.

Umeme ukikatika na kurudi, handaki laweza kukataa kufunguka hali kila kitu ni kizima. Sababu yake ni saa. WireGuard hutia wakati katika barua yake ya kwanza, na upande wa pili huikataa barua yenye wakati wa nyuma ya ule ilioupokea mwisho, ili mtu asirudishe barua ya zamani aliyoiiba njiani. Ruta nyingi za bei ndogo hazina betri ya saa. Zikizimika husahau siku. Ipe ruta ya nyumba njia ya kuuliza saa katika intaneti nje ya handaki, na jambo litakwisha. Na kurasa zikianza kufunguka nusu nusu, upunguze ukubwa wa bahasha, uitwao MTU, kutoka 1420 hadi 1280.

Baba anaposafiri, simu yake nayo ipewe funguo zake na anwani yake, 10.20.30.3, ziandikwe katika ruta ya duka, na ruta ya nyumba iijue anwani hiyo pia. Simu ikiibiwa Kariakoo, utafuta ufunguo huo mmoja, na nyumba haitadhurika. Kamera nazo zizuiwe zisiende intaneti zenyewe, kwa kuwa nyingi hupeleka habari kwa mwenye kiwanda bila ya kumwuliza mwenye nyumba.

Baki suala la sheria, na hapa tunataka vijana wasikilize. Tarehe 13 Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza kuwa watu na makampuni wanaotumia VPN watoe habari zake kwa Mamlaka, pamoja na anwani zao za intaneti, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Ilitegemea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zenye adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Twajua kwa nini neno VPN lina harufu ya ukorofi masikioni mwa wengi. Mwezi wa Oktoba 2020, siku za uchaguzi, mitandao ilipobanwa, maelfu ya vijana waliijua VPN kwa mara ya kwanza kama ngazi ya kurukia ukuta. Na X ilipofungwa mwaka 2025, wakairudia. Siku za 29 Oktoba 2025 na zilizofuata, intaneti yenyewe ilipokatwa nchini, wakaona kuwa ngazi haisaidii pasipokuwa na ardhi ya kuisimamishia. Wako pia waitumiao kwa yale ambayo kila mmoja ayajua na haya yatuzuia kuyaandika hapa. Kwa hao hatuna la kuwafundisha ila kuwa fumbo huwafumbia viumbe tu.

Handaki la kuhifadhi daftari la duka na heshima ya mama si ngazi ya kurukia ukuta, na halina haja ya kujificha. Rai yetu ni kuwa baba alipeleke kwa Mamlaka kwa jina la duka, aeleze kazi yake, na aihifadhi stakabadhi pamoja na leseni. Na kwa kuwa kamera za dukani hupiga picha za wateja, aikumbuke Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023: abandike tangazo mlangoni kuwa kamera zipo.

Kazi ikiisha, msiiamini kabla ya kuijaribu. Kijana atoke nje ya nyumba, azime Wi-Fi ya simu yake abaki na bando tupu, handaki likiwa limefungwa, kisha aandike anwani ya wazi ya duka na kile kilango cha kamera cha zamani. Ukurasa wa kamera ukifunguka, tundu bado liko, na aanze tena. Usipofunguka, afungue handaki katika simu ya baba, ajaribu mara ya pili kwa anwani ya ndani. Hapo picha itokee. Ajaribu tena kesho yake, baada ya kuzima umeme wa ruta zote mbili na kuuwasha. Kisha baba na mwana wakae na mama, wamweleze yaliyofanywa kwa maneno mepesi, na wamwonyeshe picha ya ile kamera ya uani kama inavyoonekana katika simu: ni wapi inafika, na ni wapi haifiki. Yeye ndiye atakayesema kama ibaki, au nayo iteremshwe.